Bi Mizani Anajibu: Galoni ya Nani, Debe la Nani?

Barua za safari hii zimetoka mbali na mbali, Sikonge hadi Iowa, na zote zinazunguka jambo moja: kitu fulani kina uzito gani kwa galoni, kwa debe au kwa pishi, na namna ya kuugeuza uzito huo uwe kilo kwa lita. Nimefurahi kuzipata. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeisimamia mizani katika ghala la ushirika, na ninajua jasho la mkulima linavyopotea katikati ya ujazo na uzito. Leo nitajibu kwa kirefu pale panapostahili.

Kabla hatujafungua barua, chukueni maji. Lita moja ya maji ina kilo moja. Galoni ya Kiingereza ya maji ina pauni 10, na haikutokea hivyo kwa bahati: sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 ndiyo iliyosema galoni iwe ujazo wa pauni 10 za maji. Galoni ya Marekani ni ndogo zaidi, inchi za ujazo 231, na maji yake yana pauni 8.34. Futi moja ya ujazo ya maji ina pauni 62.4. Kilo 1, pauni 10, pauni 8.34, pauni 62.4: yote hayo ni maji yaleyale, yamepimwa kwa vyombo vinne. Ziandikeni mahali mtakapoziona, maana nitazirudia katika kila jibu.

Shikamoo Bi Mizani. Mimi na wenzangu tunafuga nyuki hapa Sikonge, mkoa wa Tabora. Mnunuzi wetu huja na ndoo za lita 20, tunajaza asali, naye anaandika "kilo 20" kwa kila ndoo na kutulipa kwa kilo. Juzi nimeona karatasi ya mteja wake wa nje, imeandikwa asali ni pauni 12 kwa galoni. Hesabu yake na yetu zinakubaliana? — Mfuga nyuki, Sikonge

Marahaba, mwanangu. Hazikubaliani, na anayeumia ni wewe.

Asali iliyokomaa, yenye maji asilimia 17 au 18, ina kilo 1.42 hivi kwa lita. Ndoo ya lita 20 ikijaa hadi mstari ina kilo 28.4. Kilo 20 ni ndoo ya maji. Mnunuzi akiandika 20, kilo nane na ushei zinaondoka bila malipo, kila ndoo, kila msimu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mtu amepanda mti usiku kuvuna asali hiyo.

Sasa hiyo karatasi. Pauni kwa galoni usizigeuze kwa mkupuo. Geuza uzito peke yake, geuza ujazo peke yake, kisha gawanya. Pauni moja ni kilo 0.4536, kwa hiyo pauni 12 ni kilo 5.44. Galoni ya Marekani ni lita 3.785. Gawanya 5.44 kwa 3.785, unapata kilo 1.44 kwa lita. Hiyo ni asali, ila mwandishi ameizungusha namba ikapanda kidogo. Hesabu kamili ya asali yenye 1.42 ni pauni 11.85. Jaribu sasa galoni ya Kiingereza, lita 4.546. Unapata 1.20. Asali ya kilo 1.20 kwa lita ni asali iliyomiminiwa maji mengi, hakuna mteja wa nje angeiandikia karatasi. Kwa hiyo ingawa karatasi haikutaja galoni ya nani, asali yenyewe imetaja: ni ya Marekani. Na usiingize hapo lile dumu la lita tano ambalo watu wengi huku kwetu huliita galoni. Hilo ni dumu tu.

Mkitaka kumwonyesha mnunuzi kwa macho yake, fanyeni hivi mbele yake. Pimeni ndoo tupu, andikeni. Jazeni maji hadi mstari, pimeni tena, toeni uzito wa ndoo. Kilo zinazobaki ndizo lita halisi za ndoo hiyo. Msiamini namba ya kiwandani pekee. Mwageni maji, ikausheni ndoo kabisa, jazeni asali hadi mstari uleule, pimeni, toeni uzito wa ndoo. Gawanyeni kilo za asali kwa kilo za maji. Asali iwe imechujwa na kutulia hadi povu limepanda na kuondolewa, maana mapovu ni hewa na hewa hujaza ndoo bila kuongeza kilo. Mkipata chini ya 1.40 kwenye mizani nzuri, asali ina maji mengi na inaweza kuchacha; kiwango cha kimataifa cha Codex kinakomea asilimia 20 ya maji. Mkipata 1.41 au 1.42, dai kilo zako.

Habari yako Bi Mizani. Mimi ni mtoto wa Kitale, ninafanya kazi kwenye ghala la nafaka hapa Iowa. Kila lori la mahindi tunaandika pauni kwa busheli. Mzee wangu nyumbani anauliza 56 yetu ni kilo ngapi kwa debe lake, maana yeye huhesabu madebe sita kwa gunia la kilo 90. Nikipiga hesabu debe linatoka jepesi mno. Tatizo liko wapi? — Mtoto wa Kitale, Iowa

Hesabu yako ni nzima, mwanangu. Tatizo ni kwamba wewe na mzee hamjazi chombo kwa namna moja. Tuipitie taratibu.

Busheli ya Marekani ni inchi za ujazo 2150.42, yaani lita 35.24. Pauni 56 ni kilo 25.4. Gawanya: kilo 0.72 kwa lita. Ukitaka kwa futi za ujazo, labda kwa kukadiria mahindi yaliyomo kwenye silo, ni pauni 45 kwa futi. Linganisha na maji, pauni 62.4 kwa futi: mahindi yamwagwayo kwenye chombo yana uzito wa chini kidogo ya robo tatu ya maji. Inakubalika, kwa kuwa kati ya punje na punje kuna hewa.

Debe la bati, lile lililoanza maisha yake likiwa na mafuta ya taa, ni galoni nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo. Zidisha kwa 0.72: kilo 13.1. Ndoo ya plastiki ya lita 20 inatoa kilo 14.4. Gunia la kilo 90 linahitaji lita 125 za mahindi, ambazo ni karibu madebe saba ya bati. Mzee anasema sita. Sita zikitimiza kilo 90, kila debe limebeba kilo 15.

Kilo hizo mbili za ziada zinatoka wapi? Nendeni sokoni mkamtazame mama anavyopima. Anamimina, anakamata debe kwa masikio mawili, analitikisa, mahindi yanashuka na kubanana. Anamimina tena hadi kilele kinasimama na punje zinaanza kuteleza pembeni. Anaongeza gao moja juu. Kule kutikisa kunaziba nafasi za hewa, na kilele kinaongeza ujazo uliopita ukingo. Kwa pamoja debe la kilo 13 linafika 15.

Huko Iowa mnafanya kinyume chake, nawe umeona. Kile kikopo cha kupimia, kwati moja kavu, hujazwa kutoka kwenye faneli bila kuguswa hadi nafaka ifurike. Kisha kijiti cha mbao kinapitishwa juu ya ukingo kwa mwendo wa kwenda kulia na kushoto, mara tatu, hadi pawe sawa. Hakuna kutikisa. Ukikigonga kikopo unaanza upya. Kwati hiyo ni sehemu moja ya 32 ya busheli, ndiyo maana mizani yenu inasoma pauni kwa busheli moja kwa moja. Densiti, yaani uzito kwa ujazo, iliyopimwa hivyo inaweza kulinganishwa na ya ghala lolote lingine. Ya debe lenye kilele inalingana na mkono wa aliyelijaza tu.

Kuna jambo jingine la kumweleza mzee, nalo huwachanganya wengi. Huko Marekani 56 ina kazi mbili. Katika kununua na kuuza, busheli ya mahindi ni pauni 56 siku zote: lori linapimwa, uzito unagawanywa kwa 56, hizo ndizo busheli zinazolipwa, hata kama mahindi ni mepesi. Hapo busheli imeshakuwa uzito. Katika kupanga daraja ndipo kikopo kinapopima densiti yenyewe: daraja la kwanza linadai angalau pauni 56, la pili 54, la tatu 52. Kwa hiyo mtu akikuambia "busheli" muulize kwanza ni ya malipo au ya kikopo. Namba hiyohiyo 56 ikiwa ya malipo haisemi lolote kuhusu mahindi ya mzee wako.

Na gunia lake la kilo 90 nalo lina asili yake: ni gunia la pauni 200 la wakati wa ukoloni, kilo 90.7, lililopunguzwa kidogo nchi ilipohamia kilo.

Mwisho kuhusu gorogoro, kwa kuwa najua atauliza. Mkebe ule uliuzwa na kilo mbili za mafuta ya kupikia. Mafuta yana kilo 0.91 hivi kwa lita, kwa hiyo mkebe ni wa lita 2.2 takriban. Ukiujaza mahindi na kuyasawazisha unapata kilo 1.6. Yule anayeuza gorogoro kama kilo mbili za mahindi anasoma maandishi ya mafuta. Akiweka kilele kikubwa atasogea, lakini mnunuzi aliye na mizani asikubali kubahatisha.

Mzee ayapime mahindi yakiwa yamekauka, asilimia 13.5 ya unyevu kama soko la Kenya linavyotaka. Mahindi mabichi yamevimba, hayapangiki vizuri kwenye chombo, na densiti yake hushuka ingawa kila punje imebeba maji zaidi.

Assalaam aleikum Bi Mizani. Babu yetu alikuwa mfanyabiashara Wete, Pemba, ametuachia daftari la mkono. Kuna "mtama jizla moja, pishi 60", kuna vibaba vya mchele, na kuna frasila za karafuu. Tunaandika historia ya ukoo na vijana wanataka kilo. Nimetazama kamusi mbili za zamani, nimezidi kuchanganyikiwa. — Mjukuu, Wete

Waaleikum salaam. Hongera kwa kulitunza daftari, wengi wamefungia maandazi kwa karatasi za namna hiyo.

Karafuu ni rahisi, tuimalize. Frasila ni uzito tangu mwanzo, ratili 35 hivi (ratili ni pauni ileile), kilo 16. Haihitaji kujua chombo wala densiti. Zidisha tu.

Pishi na kibaba ndiko kwenye mambo, na umechanganyikiwa kwa haki. Kamusi za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 20 hueleza kibaba kama painti moja hivi, na nafaka yake kama ratili moja na nusu. Vibaba vinne ni pishi moja, kwa hiyo pishi ni nusu galoni, na nafaka yake ratili sita. Ukisoma haraka unaona kila kitu kimepangika: ujazo huu, uzito huu.

Weka maji hapo. Nusu galoni ya Kiingereza ya maji ni ratili tano. Kamusi inasema nusu galoni hiyohiyo ya nafaka ni ratili sita. Kwa hiyo mtama kwenye pishi ungekuwa mzito kuliko maji kwenye pishi, kilo 1.20 kwa lita. Punje moja ya mtama huzama majini, ni kweli, lakini pishi ya mtama imejaa hewa katikati ya punje, na densiti yake ni kama ya mahindi, kilo 0.72 kwa lita. Ratili sita za mtama zinahitaji chombo cha lita 3.8. Nusu galoni ni lita 2.27. Namba hizo mbili haziwezi kukaa kwenye chombo kimoja.

Sehemu ya jawabu wazee wetu walishaitaja kwa majina. Palikuwa na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, chenye kilele. Mkopeshaji na mkopaji walitaja kabisa ni kipi. Hata hivyo kilele hakiwezi kuongeza theluthi mbili ya ujazo kwenye kipimo cha mbao, kwa hiyo mimi naamini "painti" na "nusu galoni" za kamusi zilikuwa makadirio ya jicho, na vipimo vyenyewe vilitofautiana mji kwa mji.

Tufanyeje na jizla ya babu? Tafuta mahali vipimo viwili vinapokutana. Jizla ilihesabiwa kuwa pishi 60, na pia kuwa frasila kumi. Pishi 60 za ratili sita ni ratili 360. Frasila kumi za ratili 35 ni ratili 350. Zimekaribiana sana. Ukienda kwa ujazo wa nusu galoni iliyofutwa, pishi 60 za mtama zingekuwa kilo 98 tu, na haziikaribii frasila kumi hata kidogo. Kwa biashara ya jumla basi, ushahidi wa uzito ndio wenye nguvu. Andikeni jizla moja ya mtama kilo 160, na muweke neno "takriban" mbele yake.

Vile vibaba vya mchele vya matumizi ya nyumbani msivigeuze kwa hesabu hiyo. Ulizeni kwanza kama pishi au kibaba cha familia bado kipo, pengine kimelala stoo kinahifadhia misumari. Kikipatikana, msikijaze maji, mbao kavu hunywa na kuvuja. Jazeni mchele, futeni juu kwa ubavu wa kisu, mwageni mchele huo kwenye jagi lenye alama za lita na msome ujazo. Kisha pimeni mchele huohuo kwenye mizani. Rudieni kwa tele. Mtakuwa na namba nne za kipimo cha babu mwenyewe, na hizo zina thamani kuliko kamusi zote mbili. Naomba mniandikie mkizipata.

Shikamoo Bi. Ninasomea ufundi wa ndege Dar es Salaam. Mwenzangu anasema kuna ndege kubwa iliwahi kuishiwa mafuta angani kwa sababu watu walitumia densiti ya mafuta isiyo yake. Naona kama hadithi. Ni kweli? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba, ni kweli, na nakuomba uisome habari hii kwa kalamu mkononi.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada namba 143, Boeing 767 mpya, ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Vipima mafuta vya ndani havikuwa vinafanya kazi, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa vijiti vya chini ya bawa, vinavyotoa jibu kwa ujazo. Kijiti kilionyesha lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: geuza lita kuwa kilo, uone pengo, uongeze.

Walizidisha 7,682 kwa 1.77 wakapata 13,597, wakaziita kilo. Pengo likawa 8,703. Wakagawanya kwa 1.77 na kuongeza lita 4,916. Hesabu imepangika, kila hatua imefuata njia yake. Lakini 1.77 ni pauni kwa lita, namba ya ndege za zamani za shirika hilo zilizohesabu mafuta kwa pauni. 767 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwao kuhesabu kwa kilo. Densiti ya mafuta hayo kwa kilo ilikuwa 0.803 kwa lita. Fanya upya: 7,682 mara 0.803 ni kilo 6,169. Pengo ni kilo 16,131. Lita za kuongeza ni 20,088. Waliongeza chini ya robo yake.

Ndege ilipaa ikiwa na mafuta chini ya nusu ya yanayohitajika. Ikiwa juu, kama futi 41,000, injini moja ikazima, kisha ya pili. Rubani Bob Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaielekeza ile 767 hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Manitoba, ambako watu walikuwa wameuchukua uwanja kwa mashindano ya magari. Watu wote 69 waliokuwemo wakatoka hai.

Sasa tazama ile 1.77 tena. Mtu yeyote aliyewahi kumwaga mafuta ya taa juu ya maji ameyaona yakielea. Kinachoelea ni chepesi kuliko maji, na maji ni kilo 1 kwa lita. Kwa hiyo densiti ya mafuta kwa kilo kwa lita lazima ianze na sifuri nukta. Namba 1.77 ingekuwa ya kitu kizito kuliko asali. Kuitazama hivyo kunachukua muda wa kuvuta pumzi, na hakuhitaji kitabu.

Kazini utakutana na mafuta hayahaya kwa sura nyingine. 0.803 kwa lita ni pauni 6.7 kwa galoni ya Marekani, ukilinganisha na maji 8.34. Kwa galoni ya Kiingereza ni pauni 8.05, ukilinganisha na maji 10. Ona hatari ilivyokaa: 8.05 na 8.34 zinafanana kwa sura, moja ni mafuta ya ndege kwa galoni kubwa, nyingine ni maji kwa galoni ndogo. Ukiandika namba, andika na kipimo chake ubavuni, uzito na ujazo vyote viwili, kila mstari, hata ukiwa na haraka. Na mafuta hubadilika na joto: yakipata jua yanatanuka, lita moja inabeba kilo pungufu kidogo. Ndiyo maana densiti ya siku husomwa siku hiyohiyo kutoka kwa anayeleta mafuta, wala haikaririwi.

Bi Mizani, mimi fundi wa ujenzi Doha. Michoro ya Kimarekani inasema zege pauni 150 kwa futi ya ujazo. Nataka kilo kwa mita ya ujazo. — Fundi, Doha

Zidisha pauni kwa futi ya ujazo kwa 16.02. 150 zinakuwa 2,403, na mafundi huandika 2,400. Kuhakiki: gawanya 150 kwa 62.4, unapata 2.4, yaani zege ni mara 2.4 ya maji, na mita ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Njia hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inafanya kazi kwa kipimo chochote, na ukisahau 16.02 bado unafika. Ukikuta michoro inataja slagi (slug, kipimo cha masi cha Kimarekani) kwa futi ya ujazo, maji ni 1.94, gawanya kwa hiyo.

Bi, nimenunua bangili ya tola mbili hapa Muscat, muuzaji anasema ni dhahabu tupu ya karati 24. Nasikia naweza kuipima kwa maji. Kweli? — Mama Salma, Muscat

Unaweza, kwa sehemu. Tola ni gramu 11.66, mbili ni 23.3. Dhahabu tupu ina gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo. Bangili yako basi ichukue sentimita za ujazo 1.21 tu, ujazo mdogo kuliko kijiko cha chai.

Utahitaji mizani ya gramu yenye desimali mbili. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga bangili kwa uzi mwembamba, izamishe yote ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala ubavuni. Gusa uzi kidogo ili mapovu yaliyong'ang'ania kwenye nakshi yaachie. Namba itakayotokea kwa gramu ndiyo ujazo wa bangili kwa sentimita za ujazo. Gawanya 23.3 kwa namba hiyo. Ukipata karibu na 19, muuzaji amesema kweli. Kati ya 17 na 18, una karati 22 au jirani yake, nzuri lakini si uliyolipia. Ukipata 10 au 11, karibu na fedha ambayo ni 10.5, rudi dukani na risiti.

Ukisoma kwa wakia, angalia ni wakia gani. Wakia ya sonara ni gramu 31.1, ya duka la viungo ni 28.35. Dhahabu tupu ni wakia 10.17 za sonara kwa inchi ya ujazo, au 11.16 za kawaida, na ni dhahabu ileile.

Jibu la maji lina mipaka miwili. Bangili yenye uwazi ndani uliozibwa itaonekana nyepesi hata ikiwa dhahabu halisi. Na kuna metali iitwayo tangisteni yenye densiti karibu sawa kabisa na dhahabu, 19.25, ambayo maji hayawezi kuitofautisha. Kwa bangili nyembamba si rahisi kuitumia kwa kuwa ni ngumu na haikunjiki, lakini kipande kinene chenye ganda la dhahabu juu kinaweza kuwa nayo ndani. Kwa kitu cha thamani hiyo, baada ya maji mpelekee sonara mwingine asiyemjua muuzaji, aihakiki.